Unyoya Juu ya Gamba

Naikumbuka bado siku ile baba alipoazima keekee kwa fundi seremala, ili amtoboe kobe wangu gamba.

Tulikaa Ipagala. Kobe yule tulimwokota njiani mvua za kwanza zilipoanza, nikamfuga uani, naye akamaliza matuta mawili ya mchicha wa baba. Baba, mtu wa Kondoa mwenye maneno machache, akaamua kumfunga kama mbuzi: tundu pembeni mwa gamba, kamba, kigingi, basi. Wengi mtaani walifanya hivyo, mwanangu, wala hawakuwa watu wabaya.

Nami nilikuwa na kosa langu. Nilimlisha ugali na maziwa, nikadhani ndiyo mapenzi. Bwana mifugo aliyekuja kuchanja kuku wetu alibonyeza gamba kwa kidole, likabonyea.

"Huyu unampa nini?"

"Ugali. Shikamoo."

"Marahaba. Hicho ni chakula chako. Chake kiko wapi?"

Akanitajia: majani, jua la asubuhi, mahali pa kujificha, maji ya kujilowesha. Tena kobe ni mnyama wa porini, akasema. Sharti mzazi aende ofisi ya wanyamapori kuuliza kama tunaruhusiwa kukaa naye. Nilimhitaji baba, na baba ndiye huyo mwenye keekee.

Sikulia. Machozi hayakuwahi kumshinda baba. Niliokota unyoya wa kuku, maana kuna jambo nililokuwa nimeliona kwa kobe.

"Baba, kabla hujatoboa, mguse kwa huu."

"Gamba ni kama kucha, we mtoto. Halisikii."

"Mguse tu, baba."

Kobe alikuwa akitafuna majani, ametupa mgongo. Baba akapitisha ncha ya unyoya nyuma kabisa ya gamba, mahali ambapo kobe hawezi kuona. Mguu wa nyuma ukajikunja. Akagusa upande wa pili. Mguu wa pili nao ukajikunja. Baba akachuchumaa. Mara ya tatu alitumia kidole, taratibu, kama abishaye hodi kwa mgonjwa.

"Subhanallah," akanong'ona. "Kumbe yumo mpaka ukingoni."

Akaweka kiganja juu ya gamba. Kisha akasema, "Kesho tutakwenda hiyo ofisi. Lakini habari ya mchicha, mwambie kobe wako wewe mwenyewe."

Tuliruhusiwa kumtunza mpaka gamba likomae, kisha arudishwe porini. Keekee ilirudi kwa mwenyewe. Baba akajenga uzio. Akauzungushia mchicha, si kobe.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu ya gamba anayajua kobe, naye hana sauti ya kukwambia. Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka mzazi akusaidie kutunza kiumbe, kwanza jua kinakula nini na sheria inasemaje. Kisha usibishane naye. Mwonyeshe ulichokiona, umwachie aguse mwenyewe.

Mungu akujalie mkono mwepesi kama unyoya ule, na mzazi asiyeona haya kuchuchumaa.