Karatasi Niliyoiacha Kwenye Droo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye sauti nzuri na kichwa kilichovimba. Nilikuwa msomaji wa habari katika redio ndogo hapa Kalemie. Nikipita sokoni, akina mama waliacha kupima dagaa ili wanisalimie, na mimi nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Asubuhi ile muuguzi wa kituo cha afya alituletea karatasi. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kwenye barabara moja karibu na mto Lukuga, naye alitaka watu waambiwe wachemshe maji ya kunywa. Nikapanga kuisoma katika habari za saa sita mchana. Kabla ya saa hiyo akaja katibu wa mkubwa mmoja wa mji. Hakunifokea. Angenifokea ningekasirika, na pengine ningesoma.

“Ndugu yangu,” alisema akinishika mkono, “kesho tunapokea wageni wa Kinshasa. Hii habari itawaogopesha. Uiache kwanza, juma moja tu.”

Nikaitia karatasi kwenye droo, nikapiga muziki mahali pake. Nikwambie ukweli: sikunyamaza kwa woga. Nilijiona mtu mzito, kwamba hata wakubwa wananibembeleza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Unaijua desturi yetu ya matangazo ya msiba. Familia huleta jina la marehemu, nasi hulisoma mara baada ya habari, ili ndugu walioko Mpala na Moba wasikie, waje kuzika. Katika siku tatu nilisoma majina manne, yote ya barabara ile moja. Niliyasoma polepole, kwa sauti ya huruma, kama nilivyofundishwa. Karatasi sikuigusa.

Siku ya nne akaja Mama Feza, muuza unga wa mihogo. Jina la mwisho kati ya yale manne lilikuwa la mjukuu wake. Nilimpa kiti, akakataa kukaa.

“Papa, jina ya mujukuu wangu uliisoma muzuri, tulisikia. Sasa jina ya ule ugonjwa wenye kumuua, njo ulishindwa kusoma?”

Akaongeza kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko matusi, “Makala ya kuwashia moto tulikuwa nayo. Tungejua, tungechemusha maji.”

Alipoondoka nililia, mlango ukiwa wazi na wenzangu wakinitazama. Saa sita nikaisoma karatasi yote, nikaitaja barabara, nikasema pia kwamba ilikaa kwangu siku nne, na ni nani aliyeniomba. Jioni ileile tukafungiwa redio. Lakini habari ilikwisha kutoka. Waendesha pikipiki waliibeba, wanakwaya waliitangaza kanisani, na sufuria za maji zikachemka kila ua. Wagonjwa wakaanza kupungua. Halafu watu wa barabara ile, Mama Feza akiwa mbele, wakaenda wenyewe kwenye biro, ofisi ya mkubwa yule, kudai redio yao, wakarudi kesho yake na kesho kutwa, mpaka tukafunguliwa. Siku hiyo hapakuwa na tangazo la msiba hata moja kutoka kule. Nilisoma bei ya mihogo kwa furaha ambayo sijaipata tena.

Basi wewe unayeanza kazi hii, sikia. Atakayetaka unyamaze huenda akaja akitabasamu. Siku hizi atakuandikia kwenye simu. Mpe heshima yake, na akiwa na la kujibu, mpe nafasi ajibu hewani, kisha usome habari yako. Ukiogopa, waambie wenzako, msimame pamoja. Ukikosea kama mimi, kiri mbele ya wasikilizaji walewale. Kabla ya kuficha neno, jiulize ni nani atakayekunywa maji hayo kesho.

Mungu akulindie sauti yako, mwanangu, na akupe wasikilizaji wa kukutetea. Akujalie kutangaza watoto waliozaliwa, wengi mpaka uchoke.