Jina Walilonipa Ndugu Zangu Nimelikuta Kwenye Filamu

Admin, nifiche kabisa, maana nusu ya ukoo wangu wanakusoma. Majina yote nimebadilisha, hata hilo lenye kesi, lakini wahusika wakifika katikati watajijua. Na wajijue.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, mzaliwa wa Tanga. Naishi London na mume wangu na binti yetu mmoja, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Nililetwa huku na mama mkubwa nikiwa na miaka kumi na sita, baada ya baba kufariki. Mama mkubwa alikuwa akifanya usafi maofisini, anaondoka alfajiri anarudi amechoka, kwa hiyo nyumba ikawa yangu: kupika, kufua, kufagia. Watoto wake walikuwa wanasoma. Mkubwa wao ni Sauda, tunalingana umri.

Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji tu. Wiki ile ile niliyofika Sauda akaniambia, "Jina lako refu sana, sisi tutakuita Wimi."

Nikamuuliza maana yake.

"Ni kama kusema kipenzi."

Jamani, nilifurahi! Baba yako yuko kaburini, uko kwenye baridi ya watu, halafu mtu anakuita kipenzi.

Siku hizo kulikuwa na zile filamu za falme za kichawi, zinatoka moja baada ya nyingine, kila mtoto wa London anazijua. Likizo ikifika Sauda na wadogo zake wanajifungia sebuleni kuzirudia. Mimi napeleka chai na bisi. Nikiingia tu, vicheko. Nikitaka kukaa, Sauda anasema, "Wimi, hii Kiingereza chake kigumu, hutaelewa. Tuletee sukari." Nami nacheka nao, nadhani wamefurahishwa na filamu.

Jina likashika. Mama mkubwa akaliita, mama yangu Tanga naye akaliita kwenye simu. Siku ya harusi yangu Sauda ndiye aliyeleta keki, imeandikwa WIMI kwa rangi ya dhahabu. Wadogo zake mezani kwao walicheka mpaka wakafuta machozi. Nikadhani ni furaha. Nilimkumbatia Sauda mbele ya wakwe zangu na kumshukuru kwa kunipenda.

Sasa mwezi uliopita binti yangu alikuwa na mafua, nami sikuwa na shift. Akataka tuangalie zile filamu pamoja. Nilipomwambia sijawahi kuziona hata moja, hakuamini. Ya kwanza niliipenda kweli, nikajilaumu kwa miaka yote niliyoikosa. Tukaweka ya pili. Katikati akatokea kiumbe kifupi, mgongo umepinda, ngozi kama ya chura. Kazi yake ni kumwaga vyungu vya choo vya malkia mchawi na kulamba sahani wenyewe wakishakula. Haelewi lugha ya ngomeni, kwa hiyo kila akitukanwa anacheka. Malkia akagonga fimbo chini akaita, "Wimi!"

Binti yangu akageuka. "Mama, mbona anaitwa kama wewe?"

Nilikwenda bafuni, nikafungua bomba ili asinisikie.

Kesho yake nikampigia Sauda. Nikamwuliza kwa upole, "Hivi Wimi maana yake nini?"

Akaniuliza, "Umeiangalia ile filamu?"

Nikasema ndiyo.

Akacheka! "Jamani, tulikuwa watoto. Ulikuwa umetoka huko na yale makandambili yako, tungeachaje kukutania? Usinianzishie mambo ya zamani, mwenzio nina harusi."

Tulikuwa watoto. Wakati wa keki ile Sauda alikuwa na miaka ishirini na sita.

Ndiyo, anaolewa. Kitchen party yake ni Jumamosi hii, ukumbi uko Southall, mama mkwe wake mtarajiwa na mashangazi wa bwana harusi wote wanakuja. Na kazi ya kutayarisha picha za bibi harusi zitakazoonyeshwa kwenye skrini kubwa alinipa mimi, tangu kabla ya simu ile. Hajaninyang'anya. Anajua Wimi ni mtu wa kutumwa.

Nimezitayarisha. Sauda akiwa mtoto, Sauda na sare ya shule, Sauda kwenye mahafali yake. Halafu kile kipande cha filamu, malkia akiita na kiumbe akitambaa na sahani. Halafu keki yangu. Halafu sauti yake mwenyewe, maana ananitumia voice note kila siku: "Wimi, usisahau kuja mapema kupanga viti." Nimeirudia mara nyingi jikoni kwangu, na sitawadanganya, kila mara moyo wangu unaburudika.

Mume wangu anasema niache, mama mkubwa ataumia, naye hakujua kitu. Ni kweli hakujua, filamu zenyewe hajawahi kuziona. Lakini aumie kidogo. Mwanaye nimemfulia mimi.

Kinachonikaba ni kingine. Kaka yangu Tanga ana binti wa miaka minne. Alipozaliwa alinipigia analia, akasema mwanangu nimempa jina lako, lile la mapenzi ulilopewa Ulaya. Mtoto anaitwa Wimi. Akija mgeni anakimbilia mlangoni kulitaja, analitamka kwa maringo kama la malkia. Nikibonyeza kitufe cha kuzionyesha picha hizo Jumamosi, watu watarekodi, na video itafika Tanga kabla sahani hazijaoshwa. Nisipobonyeza, Sauda ataolewa huku anacheka, nami ndiye nitakayepanga viti.

Ninyi mngekuwa mimi, huku mama mkwe wa Sauda amekaa mstari wa mbele, mngebonyeza? Niambieni kabla ya Jumamosi.