Ubao wa Stesheni ya Balnadour

Grizel Petrie alimwona Lachlan Tulloch akipanda njia ya changarawe, kofia mkononi, akajua amefuata ubao. Hakumkaribisha ndani.

"Habari za mvua hii, Bi Petrie?"

"Mvua unaiona. Sema shida yako."

Shida ilikuwa ile ile ya kamati ya sherehe. Stesheni ya Balnadour ilikuwa inatimiza miaka thelathini tangu ifungwe, na sherehe bila ubao wenye jina lake ingekuwa kichekesho. Ubao uliosalia ulikuwa mmoja tu, nao sasa ni ukuta wa banda la kuku la Grizel.

"Ni mali ya kijiji," Lachlan alisema.

"Kijiji kipi? Hiki kilichopanda basi la baba yako?"

Grizel alikuwa mlinzi wa geti la reli tangu usichana wake. Majira ya baridi ya mwisho kabla reli haijafungwa alizifungulia geti treni tupu, huku majirani wamejipanga ng'ambo wakingoja basi la Tulloch, lililowashusha mlangoni mwa duka la nyama. Siku ya treni ya mwisho wakaja wote, na mpiga zumari, na shada la maua la kuivisha injini. Grizel akaamriwa atege relini zile fataki za kumwonya dereva wakati wa ukungu, zilipuke kwa heshima treni ikipita. Akazitega. Watu wakatokwa na machozi. Kisha wakaipora stesheni, kila mtu akabeba kumbukumbu yake: saa, taa, hata kiti cha choo. Ubao waliuacha kwa uzito wake. Grizel aliuburuta peke yake.

"Mama yangu alilia siku ile," Lachlan alisema.

"Mama yako aling'oa saa. Iko wapi?"

Lachlan aliipindapinda kofia. "Sebuleni kwetu."

"Basi irudishe ukutani pale stesheni mbele ya watu, useme ilikotoka. Ubao utaupata siku hiyohiyo."

"Unataka kutudhalilisha, Bi Petrie."

"Nataka saa."

Lachlan akavaa kofia yake, akateremka bila kuaga.

Jumamosi ya sherehe kamati ilisimamisha ubao mpya wa plastiki. Zumari lilipoanza kulia, Grizel alikuwa ameinama ndani ya banda, akikwangua kinyesi cha kuku kwenye herufi za jina, kama afanyavyo kila Jumamosi, ili zisomeke.