Mzee Aliyebadilisha Lugha ya Gari

Anayetaka kucheka acheke, lakini nilikuwemo ndani ya gari lile, na Bibi yangu ni shahidi. Mimi hata darasani huwa sinyooshi mkono. Nitunge uongo mkubwa hivi nipate nini?

Baba mdogo alikuwa amenunua gari lililotumika Japani. Skrini yake ya ramani iliandika Kijapani, na mwanamke wa humo ndani anayeelekeza njia alisema Kijapani. Jioni hiyo tulikuwa tunamshusha Bibi kutoka Shume kwenda hospitali Lushoto, pumzi zikimbana. Njiani ukungu ukafunga kabisa. Baba mdogo akasimama. Angesogeaje, na upande mmoja ni korongo?

"Si wewe ndiye msomi?" akaniambia. "Mbadilishie huyo mama lugha, labda atatuonyesha njia."

Nikabonyeza kila nilichokiona. Wapi!

Ndipo tukamwona mzee kando ya barabara, amevaa suti.

"Mchina wa ujenzi huyo," Baba mdogo akasema.

"Mpandishe, analowa," Bibi akajibu.

Niamini, hakuwa amelowa hata tone. Akaketi nyuma na Bibi. Nikamwamkia shikamoo, akainama tu. Kisha akapitisha mkono katikati ya viti, akagusa skrini. Maandishi yakageuka Kiswahili. Kiswahili, jamani!

Bibi akamshika mkono, akamwambia kwa Kishambaa, kwa shida, "Baba, ukitufikisha, nasi tutakufikisha kwako." Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Polepole," gari likasema. "Kona. Shika kushoto." Ilikuwa sauti ya mwanamume, mtu mzima, lakini midomo ya mzee haikusogea. Kona kwa kona ikatushusha mpaka hospitali. Nilipogeuka nimshukuru, Bibi alikuwa peke yake, kiganja bado kimekunjwa.

"Mmefika," sauti ikasema. "Sasa nipelekeni nyumbani."

Bibi alipona. Fundi alilikagua gari, akasema mashine ile haina Kiswahili, na ramani yake ni ya Japani tu. Huku kwetu inaonyesha weupe mtupu. Kweli, maandishi yalikuwa yamerudi Kijapani.

Lakini ukungu ukishuka, hata gari likiwa limezimwa uani, tunamsikia akiomba kwenda kwao. Baba mdogo alitaka kuliuza. Bibi kakataa: ahadi haiuzwi. Hujifunga mtandio, akaenda kusimama dirishani pa gari. "Tuvumilie, baba. Kwako ni mbali."

Nawe unayesoma, ukisaidiwa njiani, shukuru. Ila usimwahidi mtu kumfikisha kwake kabla hujamuuliza kwake ni wapi.