Mgema Aliyetaka Kuulizwa

Kijiji kizima cha Ganda kilimjua Fondo wa Menza kwa jina la Majimbo, na jina lenyewe alijitakia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne nchi ilipopata uhuru na Pwani ikawa na serikali ya jimbo lake. Serikali hiyo haikumaliza hata miaka miwili. Serikali kuu iliiondoa, na Fondo hakuona sanduku la kura likiletwa Ganda kuuliza watu wanasemaje. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kwake kununua tembo aliondoka na kibuyu pamoja na hotuba. "Si kwamba ningekataa," angesema. "Pengine ningekubali. Lakini niulizwe, jamani!"

Mwanzoni mwa mwaka wa themanini na nne moto wake ukapata kuni. Redio ilileta habari za Unguja, kwamba huko wapo wanaotaka muungano wao na Bara utazamwe upya. Fondo aliibana redio sikioni kama anayesikiliza mapigo ya moyo.

"Waliingia wawili, mama Kahonzi," alimwambia mkewe, Mbeyu. "Mmoja akitaka kutoka, hawezi kupiga kura akatoka?"

"Punguza sauti. Chifu ana masikio mengi na wewe una shingo moja."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Fondo alisifiwa miaka ishirini na hakutia hata tone. Ugomvi wake na serikali hakuupandisha mnazini. Kila asubuhi alipanda na kotama kiunoni, kile kisu chake cha kugemea, akakata ncha ya karara linalotoa tembo kwa upole na kufunga kibuyu kitupu mahali pa kilichojaa. Watu wa Kakuyuni, hata wa Malindi mjini, walitembea kwa miguu kumfuata.

Ndivyo alivyofika Ndirangu, seremala kutoka bara, kuliko na serikali kuu, aliyekuwa na karakana yake mjini. Alisimama chini ya mnazi amevaa koti, jasho likimtiririka.

"Hodi! Mzee Majimbo ni wewe?"

"Ndiye mimi. Sema, nakusikia."

"Nimeambiwa hapa kwenu, kijana akitaka bibi, lazima baba yake apeleke pombe ya mnazi. Mimi hiyo mambo siijui. Nataka yenye iko safi kabisa, nisiaibike kwa hao wakwe."

Fondo alicheka huko juu. "Hiyo twaiita kadzama. Nitakugemea tembo la kukuingiza kifua mbele. Mkwe mwenyewe nani?"

"Sijamwona bado. Ni mzee mmoja anaitwa Fondo. Ako na msichana mwalimu wa nasari, Kahonzi. Kijana wangu Thuku anampenda sana."

Kotama ilimponyoka Fondo ikachoma mchanga, hatua mbili kutoka kwenye kiatu cha Ndirangu. Kahonzi alikuwa mtoto wake wa pekee. Aliteremka polepole, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka wakatazamana uso kwa uso.

"Fondo ni mimi."

Ndirangu alivua kofia. Kwenda kuagiza tembo la posa kwa baba wa bibi harusi! Angechekwa mpaka azeeke. "Basi nimeharibu," alisema, na uso ukamshuka hivi kwamba Fondo alimwonea huruma, kisha akajikasirikia kwa kumwonea huruma.

"Nenda zako kwanza," akamwambia. "Sina tembo, na jibu pia sina."

Nyumbani alimkuta Mbeyu akimenya mihogo, akamweleza yote yaliyotokea. "Walichukua jimbo, sasa wamefuata mtoto!"

"Seremala yule ndiye aliyechukua jimbo? Alilificha wapi, chini ya randa?"

"Kahonzi ataolewa na mtu wa hapa. Nimekata shauri."

"Umemuuliza?"

Fondo aligeuka kutundika kibuyu ukutani.

"Miaka ishirini wanichosha masikio na huko kuulizwa kwako," Mbeyu alisema, kisu kimesimama juu ya muhogo. "Duniani kote kuna mtu mmoja tu ambaye jambo lake li mkononi mwako, na hujamuuliza."

Fondo alikwenda nyuma ya nyumba akaketi kuinoa kotama, ambayo tayari ilikuwa kali. Hofu yake haikuwa watu wa bara. Jioni Kahonzi ndiye aliyemsomea gazeti, akimsahihisha na kumcheka, na Fondo hakujua angeishi vipi katika nyumba isiyo na sauti ile. Alimpenda mtoto huyo kupita kiasi, basi.

Siku ya tatu akampelekea Ndirangu ujumbe: aje Jumamosi. Na kwa kuwa haifai mkwe kuchukua kadzama kwa mkwe, Fondo aligema tembo akalipeleka kwa jirani yake Lewa, Ndirangu akalichukua huko na kuingia nalo, Thuku nyuma yake, kama mtu atokaye mbali. Kijiji kizima kilijua, kikajiuma midomo.

Ada ya kwao ni kwamba tembo la posa haliguswi kabla binti hajaitwa. Akikubali, huonja yeye kwanza, kisha humpa baba yake. Kahonzi alitoka chumbani amejifunga leso mpya, akapiga magoti mbele ya baba yake na wazee wa pande zote mbili.

"Mwanangu," Fondo alisema, "tembo hili tulinywe?"

"Baba, nikisema tusinywe?"

"Litarudi lilikotoka, na hakuna atakayekusema."

"Na nikikubali leo, kisha siku moja nikaona siwezi tena?"

Wazee walikohoa. Fondo alimgeukia Ndirangu, ambaye alikuwa akiizungusha kofia mikononi.

"Kwetu hiyo haiulizwi mbele ya watu," Ndirangu alisema. "Lakini nitajibu. Ukisema unarudi, nitakuleta mimi mwenyewe mpaka kwa hii mlango. Njiani nitakubembeleza sana, hiyo sitaficha. Ukikataa kubembelezwa, nitabisha hodi na nikurudishe kwa baba yako, bila vita."

Jibu alilolitafuta miaka ishirini kwa wakubwa alipewa na seremala, na Fondo akatambua kwamba moyoni alikuwa akiomba binti aseme hapana. Aliona aibu. Siku zote alijiona mtu wa kuulizwa. Hakujua kwamba anayeuliza kwa dhati huumia namna hii.

Kahonzi hakumtazama Thuku. Alimtazama baba yake.

"Baba, ukitaka nijibu kweli, usinitazame hivyo."

Watu walicheka. Fondo hakucheka. Aliinamisha macho akakaza kutazama sakafu, akamsikia akichota tembo, akionja, akimeza. Alipoinua uso, kata ilikuwa mbele yake, imeshikwa kwa mikono miwili.

"Tunywe, baba."

Aliipokea, na mikono ilimtetemeka vibaya hata Ndirangu, bila kuambiwa na mtu, akasogea akaishika kata upande wa pili ili tembo lisimwagike. Fondo akanywa hivyo hivyo, huku analia.