Jina la Mume Wangu Katika Daftari la Wakosefu

Marehemu mume wangu alikuwa mtunza saa wa kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na mmoja. Alifungua lango saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, akapiga king'ora saa kumi na mbili kamili, na kila aliyeingia baada ya hapo akamwandika. Wafanyakazi walimwita Bwana Dakika. Mdogo wake wa tumbo moja, shemeji yangu, alichelewa siku tatu mfululizo na zote tatu akaandikwa.

"Kaka, hata mimi?"

"Hata wewe. Ugomvi wako upeleke kwa saa."

Daftari lenyewe lilianzishwa na meneja wa kwanza, mgeni aliyependa Kiingereza cha vitabuni. Kwenye jalada aliandika neno moja kwa wino mweusi: Miscreants.

Mwaka huu kiwanda kilitimiza miaka sitini. Katika ukumbi wa mapokezi wakaweka kabati la vioo lenye vitu vya zamani, na daftari likawa humo, limefunuliwa, na kibao kando yake: "Daftari la Wahalifu." Ukurasa wa kushoto ulikuwa na jina moja tu. La mume wangu.

Binti yangu, kitinda mimba, ni msimamizi wa chumba cha kufumia katika kiwanda hicho hicho. Jioni moja alirudi, akavua viatu mlangoni, akavitupa kando.

"Kuna nini?"

"Mama, leo nimemwambia fundi mmoja aache porojo arudi kwenye mashine. Akanijibu, 'Sawa bosi, tusije tukaishia kabatini na mzee wako.' Chumba kizima kikacheka."

"Nawe ukasemaje?"

"Ningesemaje? Jina ni lake."

Nimefundisha Kiingereza miaka ishirini na tisa. Asubuhi nilivaa gauni langu la heshima, nikatia kamusi kubwa kwapani, nikaenda.

Afisa uhusiano wa kiwanda ni binti mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya kibao chako."

"Mama, nililitafuta lile neno kwenye kamusi. Mtu mwovu, mvunja sheria."

"Hukukosea kutafuta. Umekosea kuishia hapo."

Nikamweleza. Neno hilo ni kongwe. Hapo mwanzo aliyeitwa hivyo alikuwa mtu asiye na imani ya dini. Baadaye likamwangukia kila mtenda maovu. Siku hizi linanuka kabati la nguo za zamani. Utalikuta gazetini kwa waliovunja vioo vya shule, au kinywani mwa mwalimu mkuu anayekemea waliochora ukutani, nusu hasira, nusu mzaha. Yule meneja aliwaita hivyo watu waliochelewa dakika tano.

"Sasa, mwanangu, wa dakika tano ni mhalifu? Basi tufunge nusu ya mji."

"Hapo umenishika, mama. Nitabadilisha kibao. Na nitafunua ukurasa mwingine, jina la mzee lisionekane."

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Lakini ukurasa wenyewe nilikuwa sijausoma, na mwalimu hasahihishi asichokisoma. Nikamwomba alitoe daftari, nikavaa miwani.

Siku nyingine zilikuwa na majina sita, tisa, kumi na moja. Siku ile moja tu, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Mtunza saa. Amefika saa kumi na mbili na dakika kumi na saba. Sababu: nilipitiwa na usingizi. Ufunguo ninao mimi, kwa hiyo zamu nzima imechelewa kwa kosa langu. Wasiandikwe."

Miaka yote nimewaambia watoto, wakwe na majirani kwamba mume wangu hakuchelewa hata siku moja. Yeye alikuwa akinisikia huku anakunywa chai yake, na hakunisahihisha.

"Kwa nini uliuchagua huu?" nikamuuliza binti.

"Mwandiko wake mzuri, mama. Sikuusoma."

"Basi usiufunike. Nipe kalamu."

Kibao kipya nilikiandika mwenyewe: "Daftari la Wakosefu Waliochelewa. Mtunza saa alichelewa, akajiandika peke yake." Sifa sikuongeza. Jina lake nikaliacha wazi, palepale lilipo.

Jioni nilimsimulia binti yangu.

"Kumbe baba aliwahi kuchelewa?"

"Mara moja. Dakika kumi na saba."

"Na wewe ulivyokuwa ukituvuta mashuka alfajiri tuamke, kwa jina lake."

"Ningekuwa na wadogo tena, ningeyavuta vilevile."

Kesho yake wakati wa mapumziko binti yangu alimpeleka yule fundi mbele ya kabati, akamwambia asome kwa sauti. Akasoma tarehe, saa, sababu, mpaka neno la mwisho: "Wasiandikwe." Kisha akairudia tarehe, polepole.

"Bosi," akasema, "mwaka huo mzee wangu alikuwa zamu ya asubuhi hapa hapa."