Jani Gumu

"Wewe ulikuwepo Mungu akichagua?" Nilimfokea mwalimu wa Shule ya Sabato kanisani mbele ya watu wote. Alikuwa amemwambia binti yangu Moraa kwamba watoto watundu hawakuchaguliwa kuokoka, hata wakiomba.

Mimi pia niliambiwa hivyo utotoni. Mchana mmoja, kwenye kituo cha kuuzia majani chai kilichonukia magunia mabichi, karani alichambua majani yetu akitupa yale magumu. Nilidhani ndiye Mungu mwenyewe. Nikajificha nyuma ya mama nisije nikatupwa.

"Jani halina kosa, mwanangu," mama alisema. "Mimi ndiye niliyechelewa kuchuma, likakomaa."

Jumatatu baada ya kumfokea mwalimu, niliwaandikia wazee wa kanisa malalamiko, nikatia sahihi chini ya maneno haya: "Moraa akikomaa vibaya, msimsingizie Mungu. Ulizeni nani alichelewa kuchuma."